Mbwa wa Nyumbani Akipata Dharura: Linda Watoto, Jilinde, Kisha Msaidie

Katika kaya nyingi mbwa ni sehemu ya nyumba. Analinda usiku, anawasindikiza watoto hadi njia ya shule, na watoto ndio wanaompa jina na kumtupia mabaki ya ugali. Kwa hiyo akigongwa na bodaboda, akila sumu ya panya au akianguka na kutetemeka ghafla, wa kwanza kumkimbilia huwa ni mtoto. Na mtu mzima aliyepo nyumbani saa hiyo mara nyingi ni mama, bibi au dada wa kazi.

Mimi ni muuguzi wa jamii na kazi yangu ni afya ya watu. Naandika kuhusu mbwa kwa sababu mbwa mwenye maumivu huuma, hata yule mpole aliyelelewa na watoto tangu akiwa mdogo. Haumi kwa ubaya. Anaumwa, anaogopa, na meno ndiyo njia yake ya kusema "niache". Jeraha hilo tunalipokea sisi kituoni, na mara nyingi liko usoni au mkononi mwa mtoto aliyekwenda kumkumbatia.

Makala hii inaeleza unachoweza kufanya kabla mbwa hajafika kwa daktari wa mifugo, na jinsi ya kufanya hivyo bila mtu kuumia.

Utaratibu: watoto, wewe, kisha mbwa

Kabla ya jambo lolote, waondoe watoto. Waingize ndani na ufunge mlango. Ukiona mtoto mkubwa anahangaika, mpe kazi ya kufanya akiwa mbali na mbwa: akamwite jirani, alete ndoo ya maji, atafute simu. Usimpe kazi ya kumshika mbwa, hata kama ndiye anayempenda zaidi.

Kisha tazama mazingira. Kama mbwa yuko barabarani, simamisha magari kwanza. Kama kuna waya wa umeme umeanguka, usimsogelee. Kama nyoka bado yupo, subiri aondoke.

Maswali matatu kabla hujamgusa

Simama hatua chache kutoka kwa mbwa na ujiulize:

1. Je, najua kilichompata? Nimeona akigongwa, au nimekuta pakiti ya sumu imepasuka?
2. Je, amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa ndani ya mwaka huu?
3. Je, tabia yake imebadilika siku hizi? Amekuwa mkali bila sababu, anajificha, anauma miti na mawe, anayumba, sauti yake imebadilika, au anatokwa na mate na hawezi kumeza?

Kama hujui kilichompata, hajachanjwa, na tabia imebadilika, usimguse. Mchukulie kuwa anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Kama inawezekana, mfungie uani au chumbani bila kumshika, zuia watu na wanyama wengine wasimkaribie, na mwite afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo. Huyo si mbwa wa kupewa huduma ya kwanza na mtu wa nyumbani.

Kuna mtego mmoja hapa ambao kila mama anapaswa kuujua. Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali na mwenye kukimbiza watu. Wengine hupooza: taya linalegea, mdomo unabaki wazi, mate yanachuruzika, na mbwa anaonekana kama mfupa umemkwama kooni. Mtu mwenye huruma anaingiza mkono mdomoni kuutafuta mfupa ambao haupo, na mkono unapata mate yenye virusi. Kama hukumwona akila mfupa na kukwamwa papo hapo, usiingize mkono mdomoni mwake.

Jinsi ya kumshika bila kuumwa

Ukishaamua kuwa ni salama kumsaidia, msogelee polepole kutoka ubavuni, si kwa mbele. Ongea naye kwa sauti ya chini, kwa jina lake. Usimwinamie usoni na usimkumbatie.

Vaa glavu, au zungushia mikono kitambaa kizito. Hili linawafaa wote, zikiwemo familia zinazomfuga mbwa kwa ulinzi tu na haziguusi mate yake kwa sababu ya imani.

Mfunge mdomo kwa kipande kirefu cha kanga au kitenge:

- Tengeneza kitanzi chenye fundo moja lililolegea.
- Kipitishe juu ya pua na mdomo, kisha kaza.
- Pitisha ncha zote mbili chini ya kidevu, zivuke.
- Zipeleke nyuma ya masikio na ufunge kwa fundo linalofunguka haraka.

Usimfunge mdomo mbwa anayetapika, anayepumua kwa shida, aliyezimia, aliyezidiwa na joto, au mwenye pua fupi iliyobonyea. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo ukiwa wazi, kwa hiyo usimwache amefungwa kwa muda mrefu.

Angalia hali yake

Vitu viwili vitakusaidia kujua kama hali ni mbaya.

Kwanza, kupumua. Hesabu kifua kinapopanda kwa dakika 1. Mbwa aliyetulia hupumua mara 10 hadi 30. Kuhema baada ya kukimbia ni kawaida. Kuhangaika kutafuta hewa akiwa amelala si kawaida.

Pili, fizi. Inua mdomo wa juu taratibu, kama anakuruhusu. Fizi zenye afya zina rangi ya waridi na zimelowa. Bonyeza kwa kidole kisha achia: weupe unapaswa kuondoka ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe zinaashiria kupoteza damu au mshtuko wa mwili. Fizi za bluu maana yake hapati hewa. Kwa mbwa mwenye fizi nyeusi kiasili, angalia ndani ya kope la chini.

Fizi zikiwa nyeupe au za bluu, usiendelee na matibabu ya nyumbani. Tafuta usafiri.

Anatoka damu

Kunja kitambaa safi, weka juu ya jeraha na ukandamize kwa kiganja. Endelea kwa dakika 5 hadi 10 bila kuchungulia, kwa sababu kila ukifunua unaondoa damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Damu ikipungua, funga bendeji ya kubana kiasi.

Usiweke majivu, majani ya chai, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Vinaleta uchafu na maumivu, na daktari atalazimika kuviondoa kwanza.

Amegongwa na pikipiki au gari

Mbwa aliyegongwa anaweza kuinuka na kutembea kama mzima, huku damu inavuja tumboni. Kila mbwa aliyegongwa anahitaji kuonwa na daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, hata kama hana kidonda.

Asipoweza kusimama, usimnyanyue kwa miguu. Msogeze taratibu juu ya ubao, mlango wa zamani, au shuka lililokazwa na watu wawili. Usijaribu kunyoosha mguu uliovunjika. Mfunike apate joto, na usimpe chakula wala maji, kwa sababu anaweza kuhitaji upasuaji.

Amekula sumu

Sumu zinazowapata mbwa wa nyumbani mara nyingi ni sumu ya panya, dawa za kuua wadudu za shambani, na dawa ya kupe iliyochanganywa kwa ukali kupita kiasi. Dawa nyingi za wadudu huonyesha dalili haraka: mate mengi, kutapika, kuhara, misuli kuchezacheza, kisha degedege.

Sumu ya panya inaweza kukudanganya. Aina nyingi huzuia damu kuganda, na dalili zinaweza kuchelewa siku 3 hadi 5. Mbwa anakula sumu Jumatatu, anacheza Jumanne, na Alhamisi anaanza kuchoka, fizi zinapauka, anakohoa damu. Ukijua amekula, usisubiri dalili. Ipo dawa ya kusaidia damu kuganda, vitamini K1, inayotolewa na daktari wa mifugo, na inafaa zaidi ikianza mapema.

La kufanya:

- Ondoa sumu iliyobaki mahali ambapo mbwa na watoto hawafikii.
- Chukua pakiti au chupa yake uende nayo kwa daktari. Jina la sumu ndilo linaloamua matibabu.
- Kama sumu imemwagikia manyoya, vaa glavu na umwogeshe kwa maji mengi na sabuni ya vyombo, kisha mkaushe.
- Usishike matapishi yake kwa mikono mitupu.

Usimlazimishe kutapika kwa maji ya chumvi, mafuta au kidole. Chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Mafuta ya taa, asidi na magadi makali huunguza mara ya pili yakirudi kooni. Na maziwa, ambayo wengi wetu huyakimbilia, si dawa ya sumu: mbwa aliyelegea akinyweshwa, yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mkaa wa jikoni nao haufanyi kazi ya mkaa maalumu wa hospitali.

Dawa za binadamu si dawa za mbwa

Mama anayempa mtoto parasetamoli akiwa na homa huona ni kawaida kumpa mbwa nusu kidonge akichechemea. Tafadhali usifanye hivyo. Parasetamoli inaweza kuharibu ini la mbwa. Ibuprofeni na diklofenaki husababisha vidonda vya tumbo na kuharibu figo, hata kwa kiasi kinachoonekana kidogo. Chokoleti, zabibu, vitunguu, na bazoka au peremende zisizo na sukari zilizotiwa ksilitoli nazo ni hatari kwake. Waeleze watoto wasimgawie.

Amekwamwa na kitu kooni

Hapa nazungumzia mbwa uliyemwona akila, na ghafla anakwaruza mdomo kwa miguu, anahangaika na hapati hewa. Kama bado anakohoa, mwache akohoe, kwani kikohozi ndicho kinachosukuma kitu nje.

Asipoweza kupumua, mbwa mdogo mnyanyue kwa mapaja, kichwa kikielekea chini, umtikise kidogo. Mbwa mkubwa simama nyuma yake, zungusha mikono tumboni, kunja ngumi chini ya mbavu na usukume ndani na mbele mara 5. Kitu kikionekana wazi mbele ya mdomo, kitoe kwa koleo au kijiko, si kwa vidole. Usipekue koo bila kuona, maana unaweza kukisukuma ndani zaidi.

Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika na kuwa vichane vikali. Ni bora isimfikie kabisa.

Amepata degedege

Ondoa viti, mawe na vyombo vilivyo karibu naye. Usimshike na usiweke kitu mdomoni. Mbwa hawezi kumeza ulimi wake, lakini anaweza kuuma vidole vyako bila kujua. Angalia saa. Degedege likizidi dakika 5, au yakirudi mawili siku moja, ni dharura ya kumpeleka kwa daktari mara moja. Likiisha, mwache mahali tulivu penye giza kidogo. Atakuwa amechanganyikiwa na anaweza kuuma hata wewe, kwa hiyo watoto wabaki ndani.

Kwa mbwa asiyechanjwa, rudi kwenye maswali matatu ya mwanzo. Degedege linaweza pia kuwa dalili ya kichaa cha mbwa.

Amezidiwa na joto

Mbwa aliyefungwa juani kwa mnyororo mfupi, au aliyeachwa kwenye gari, anaweza kufa kwa muda mfupi. Joto la kawaida la mwili wake ni kati ya nyuzi 38 na 39, kwa hiyo mwili wake kuwa wa moto kidogo kuliko wako si ugonjwa. Dalili za hatari ni kuhema kwa kasi sana, mate mazito, fizi nyekundu, kuyumba na kuanguka.

Mhamishie kivulini na ummwagie maji ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni na kati ya miguu, huku ukimpepea. Anza kumpoza kwanza, ndipo umsafirishe. Usimfunike kwa taulo lililolowa na kuliacha, kwa sababu linazuia joto kutoka. Mpe maji kidogo kidogo kama ana fahamu.

Ameumwa au kutemewa na nyoka

Usichanje kidonda, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Mzuie asitembee, mbebe, na umpeleke kwa daktari. Usihangaike kumuua nyoka. Ukikumbuka rangi na ukubwa wake, inatosha.

Swila wanaotema sumu hulenga macho. Mwoshe macho kwa maji safi mengi kwa dakika 15 au zaidi. Fanya hivyo hivyo kwa mtoto, kisha mpeleke kituo cha afya.

Ameacha kupumua

Kama umemwona akigongwa au kupigwa na umeme na hatari imekwisha, unaweza kujaribu kukandamiza kifua. Mlaze kwa ubavu. Weka mikono sehemu pana ya kifua na ukandamize theluthi moja hadi nusu ya upana wake, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mbwa mdogo tumia mkono mmoja, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Sishauri kumpulizia hewa kwa mdomo wako, kwa sababu ya hatari ya mate. Mara nyingi jitihada hizi hazimrudishi mbwa, na mtoto anahitaji kusikia kwamba hakuna aliyekosea.

Akimuuma mtu: hapa usisubiri

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu unazuilika. Chanjo yake ilianza kutumika kwa binadamu mwaka 1885 huko Paris, kwa mvulana wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa, naye akaishi.

Mtu akiumwa, akikwaruzwa, au akilambwa kwenye kidonda, jichoni au mdomoni:

- Osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Bomba, jagi au kopo la maji vyote vinafaa. Ni muda mrefu, kwa hiyo tumia saa. Jichoni na mdomoni tumia maji mengi bila sabuni.
- Paka dawa ya kuua vijidudu kama ipo. Usipake pilipili, chumvi, majani wala mafuta.
- Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Piga simu kwanza kama unaweza, kuuliza kituo kipi kina chanjo.
- Kamilisha dozi zote kwa tarehe utakazopangiwa, hata kidonda kikipona. Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya maelekezo ya afisa mifugo. Akibaki mzima siku hizo zote, ni habari njema, na mtoa huduma ataamua kuhusu dozi zilizobaki. Lakini usingoje siku hizo ziishe ndipo uanze chanjo ya mtu.

Waambie watoto jambo moja mapema: wakiumwa au kukwaruzwa waseme, na hawatapigwa. Mtoto anayeogopa fimbo huficha kidonda, na kidonda kilichofichwa hakioshwi.

Andaa leo

- Namba za simu za daktari wa mifugo, afisa mifugo na kituo cha afya, ziandikwe ukutani.
- Glavu, kipande kirefu cha kanga, vitambaa safi, bendeji, sabuni na shuka la kumbebea.
- Cheti cha chanjo ya mbwa, kihifadhiwe pamoja na kadi za kliniki za watoto.

Mbwa anaweza kuchanjwa akifika umri wa miezi 3, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Sikiliza matangazo ya kata yako, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mbwa aliyechanjwa ni mbwa unayeweza kumsaidia kwa hofu ndogo zaidi siku atakapoumia. Kama cheti cha mbwa wenu hukioni, au tarehe yake imepita mwaka, mpigie afisa mifugo wiki hii.